Siku Kikoti Changu cha Hewa Kiliponipa Diploma

Jamani, nitawasimulia kwa sababu mmeniomba, na kwa sababu mwingine akiwasimulia ataongeza chumvi, lakini mjue tangu mwanzo kwamba aibu hii ni yangu mwenyewe, sikusukumwa na mtu, sikulewa, wala sikurogwa. Mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu hapa mtaa wa Kikula navaa helmeti hata kama pikipiki imezimika na naisukuma kwa mikono, watu wasinione uso (ingawa wote wananijua kwa helmeti hiyo hiyo, kwa hiyo hainisaidii kitu).

Mimi, kama mnavyojua, ni motari, nabeba watu kwa moto, yaani pikipiki, hapa Likasi mwaka wa tisa sasa. Nimebeba magunia ya makaa, nimebeba mbuzi, siku moja nilibeba kabati pamoja na mwenye kabati. Barabara zetu mnazijua, na malori ya madini mnayajua, yanakuja nyuma yako kama yametumwa na mkwe asiyekupenda. Mwanzoni mwa mwaka jana mwenzetu mmoja wa kituo alikwanguliwa na lori, akavunjika mbavu na bega, na tangu siku hiyo mke wangu Nadège hakunipa nafasi ya kupumua: vaa helmeti, vaa glavu, funga koti, huyu mtoto wa tatu nitamlea na nani.

Basi siku moja, katika balo la nguo za mitumba lililotoka Ulaya, nikaona kikoti kisicho na mikono, cheusi, kizito, kina mstari unaong'aa mgongoni na kamba fulani inaning'inia pembeni. Muuzaji alidhani ni cha kuogelea. Mimi nilikuwa nimeshaona video yake kwenye simu, nikanyamaza kimya kama mwizi wa kuku, nikalipa, nikaondoka mbio. Kile ni kikoti cha hewa, sisi tunakiita jile. Ncha ya kamba unaifunga chini ya kiti cha pikipiki. Ukirushwa, kamba inavutwa, chupa ndogo ya gesi iliyo ndani (si kubwa kuliko kidole gumba) inatobolewa, na kufumba na kufumbua kikoti kinajaa, kinakukumbatia shingo, kifua na mgongo kabla hujafika chini. Ukitaka kushuka salama, unachomoa kamba kwanza. Ni jambo dogo, hata kuku angejifunza.

Tatizo ni kwamba mfuko wa ndani ulikuwa umepasuka mahali pawili. Nikampelekea rafiki yangu Trésor, yule fundi wa matairi anayekaa karibu na kituo chetu. Trésor alinicheka kwanza, kisha akakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akabandika kwa gundi, akabonyeza, akapuliza, akasikiliza. Halafu akafanya kile ambacho kila fundi wa matairi hufanya ili mpira usigandane: akamwaga poda nyeupe. Ila Trésor si mtu wa kupima. Alimwaga poda ya watoto kopo zima, ndani ya kitambaa, mbele na nyuma, akashona kwa uzi wa kuvulia samaki, akapiga kikoti kofi, wingu dogo likatoka.

"Sasa hata camion ya madini ikugonge," akasema, "weye utasimama, utauliza: ni nani ananisalimia?"

Nilikivaa wiki tatu. Sitawaficha, nilikuwa na maringo. Abiria akiuliza ni nini, nilieleza kuanzia kituoni mpaka kwake, na asiyeuliza nilimweleza vilevile.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, karibu na saa sita mchana, majira ya kiangazi (kwetu ndiyo ya baridi), vumbi jekundu mpaka ndani ya meno, na ilikuwa siku ya majibu ya Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Mnajua mtaa unavyokuwa siku hiyo: kila mtu yuko nje, simu mkononi, aliyefanya mtihani ametuma namba yake na anangoja ujumbe wa jibu, mama zake wanasali, shangazi zake wameshanunua poda. Na desturi yetu mnaijua. Aliyepita anamwagiwa poda nyeupe kuanzia kichwani, anakuwa mweupe mpaka kope, anatembezwa barabarani kwa nyimbo na matawi ya miti, na siku hiyo ukimwona mtu mweupe huulizi, unapiga vigelegele tu.

Mimi nilikuwa nimembeba Mama Chantal, jirani ya baba yangu, mwanamke mwenye mwili na mwenye sauti, na mapajani mwake beseni la samaki wabichi wa bwawa la Mwadingusha. Nikasimama mbele ya geti lake, pale pale barabarani ambapo watu kama thelathini walikuwa wamekaa wakingoja majibu ya watoto wao. Nilikuwa bado nimekaa kwenye pikipiki, miguu chini, helmeti nimeshaitundika kwenye usukani, kamba yangu imefungwa vizuri, sina kosa hata moja (naomba mlikumbuke hilo, ndilo jambo pekee nililofanya sawa siku hiyo). Mama Chantal akaanza kushuka. Mkono mmoja una beseni, mwingine unatafuta pa kushika, na badala ya kushika bega langu kama watu wote, akashika kamba, akajiachia uzito wote.

PAA!

Jamani, mlio ule! Sikuwahi kuusikia, video zile hazina mlio wa namna ile. Nilidhani nimekufa. Kifua kikabanwa, shingo ikabanwa, mikono ikarushwa pembeni na kubaki juu, na ule uzi wa Trésor ukafumuka wote kwa mara moja, poda ya kopo zima ikatoka kama moshi wa tanuri.

"Masasi! Banapiga masasi!" mtu akapiga kelele, na barabara nzima ikalala chini, wazee kwa vijana. Samaki wakaruka, beseni likabingirika mpaka mtaroni, mlango wa duka ukafungwa kwa ndani. Mimi nilibaki peke yangu nimekaa juu ya pikipiki, sioni kitu, napiga chafya.

Kisha poda ikaanza kutulia, na watu wakainua vichwa mmoja mmoja. Wakaniona. Hebu jiwekeni mahali pao: ni siku ya majibu, na mbele yenu yuko mtu mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, mikono yake ameinyoosha juu.

Mama Chantal alikuwa amekaa chini katikati ya samaki wake. Akanitazama, mdomo wazi.

"Aye, Dieudo!" akasema. "Weye ulifanyaka Exetat?"

Nilitaka kusema hapana. Naapa. Lakini kile kifuko cha shingo kilikuwa kimenibana koo, sauti haikutoka, basi nikataka kutikisa kichwa kukataa, na kichwa hakikugeuka kushoto wala kulia, kilichoweza ni kwenda juu na chini tu. Kikaenda juu na chini.

"Dieudo amepita!" Mama Chantal akaruka juu, mwanamke yule ambaye dakika moja kabla hakuweza kushuka kwenye pikipiki. "Nilimuonaka pa centre! Siku yote ya examen moto yake ilikuwa pale! Alikuwa anafanya kama autodidacte, kumbe alificha!"

Autodidacte ni anayefanya mtihani kivyake bila kutoka shuleni, na ni kweli pikipiki yangu ilikuwa mbele ya kituo cha mtihani siku zote zile. Nilikuwa nangoja wateja. Lakini nani angesikiliza? Mtaa uliokuwa umelala kwa hofu ya risasi ulihitaji sana sababu nzuri ya kusimama. Walinishusha, wakanibeba mabegani, shangazi za watu wengine wakafungua poda waliyowawekea watoto wao na kunimwagia mimi, na wimbo ukaanza.

Na hapo baba yangu akatoka nyumbani.

Lazima niwaambie kidogo kuhusu mzee, ndipo mtaelewa kwa nini damu yangu iliganda. Baba alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha shaba. Mwaka niliokuwa darasa la mwisho la sekondari, mishahara ilikuwa haitoki, miezi kwa miezi, na siku ya kulipia mtihani ilipofika, hapakuwa na kitu nyumbani. Nikaacha, nikaenda kubeba magunia, baadaye nikapata pikipiki. Mimi nilisahau, au nilijizoeza kusahau. Baba hakusahau. Kila mwaka siku ya majibu alikuwa anajifungia ndani, anasema kichwa kinamuuma. Hakuniomba msamaha hata siku moja, lakini alikuwa anajifungia.

Siku hiyo kelele zilimtoa. Alisimama mlangoni kwa ndala na sweta lake, akanitazama niko juu ya mabega ya watu, mweupe.

"Baba Dieudo, mutoto amepita!" wakamwambia.

Mzee alishika ukuta. Kisha akalia, jamani, baba yangu ambaye sikuona chozi lake hata tulipomzika mama. Alilia kwa sauti, mbele ya majirani, halafu akaanza kucheza, magoti yale yaliyooza, anazunguka na kuzunguka, ndala moja ikamvuka.

"Leo nitalala," alikuwa anasema. "Bandugu, leo njo nitalala. Miaka yote minye nilijua: ni mimi nilimuharibia mutoto. Leo nitalala."

Wakati huo huo viraka vya Trésor vilianza kuachia hewa, fsssss, taratibu, na shingo yangu ikafunguka. Nilikuwa na sauti sasa. Nilikuwa na kichwa kinachogeuka pande zote. Mpaka dakika ile ninyi wote mnaweza kunitetea, kosa lilikuwa la kamba, la poda, la Mama Chantal, la nani sijui. Kuanzia dakika ile lilikuwa langu.

Baba akanikaribia, akanishika mikono yote miwili. "Pourcentage ngapi?"

Ndilo swali la kwanza siku zote kwetu, asilimia ngapi, hata kabla ya pole ya kuchoka. Barabara nzima ikasogea kunisikiliza. Nami nikafungua mdomo kusema, baba, ni kikoti kimepasuka, na badala yake nikajisikia nikisema:

"Cinquante-quatre."

Hamsini na nne, wakati kupita kunaanzia hamsini! Yaani hata katika uongo nilikuwa na unyenyekevu. Nilishtuka mimi mwenyewe, kama ni mtu mwingine aliyesema akiwa nyuma yangu. Nikajiambia, wacha mzee afurahi leo tu, kesho nitamweleza polepole, nitamweleza vizuri. Njia ya mwongo ni fupi, tunasema kila siku, ila ukiwa juu yake unaiona ndefu kweli.

Baada ya hapo mambo hayakuniuliza tena. Mama Chantal akaokota samaki wake wote vumbini, akawaosha, akatangaza kwamba ni zawadi ya diploma, wakakaangwa palepale. Kreti za bia zikatoka sijui wapi. Baba alicheza tena kidogo, akaingia ndani, akatoka amevaa kofia yake na viatu vya kamba, akasema anakwenda kwa katekista kuniandikisha kwa misa ya shukrani ya kesho yake, ile ambayo waliopita wote wanaitwa mbele. Akaenda peke yake kwa miguu. Nilimwona anakwenda, nami nimekaa na chupa ya bia mkononi.

Nadège alifika akitoka sokoni. Habari ilikuwa imemfikia kabla hajamaliza kufunga meza yake ya nyanya. Akanivuta nyuma ya nyumba.

"Dieudo. Ulipita examen gani?"

"Ni jile, ilipasuka..."

"Minaona ilipasuka. Minauliza examen."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, na nilitamani anitukane, lakini hakunitukana.

"Enda umuambie baba. Sasa hii."

"Nitamuambia kesho asubuhi."

"Kesho iko dimanche, Dieudo. Kesho utakuwa mbele ya Mungu na mbele ya Mama Chantal." Akachukua kapu lake akarudi nyumbani, hakuonja samaki hata mmoja.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mapema nimwambie. Nikamkuta ameshavaa suti, ile ya ndoa yangu, na tai, na viatu vimepakwa rangi mpaka unaweza kujitazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti uani, mikono magotini, ananingoja. Nikasema, "Baba." Akasema, "Eyo?" Nikasema, "Tuende, tutachelewa." Hicho ndicho nilichosema. Nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya komunyo padri akawaita waliopita Exetat wasogee altareni, na watoto wakatoka kwenye mabenchi, wasichana na wavulana wa miaka kumi na minane, mashati meupe, na katikati yao mimi, nina miaka thelathini na mbili, nina ndevu, na makofi yangu yakawa makubwa kuliko ya wote. Katekista akachukua mikrofoni akawa anampa kila mmoja: taja jina, taja shule, taja asilimia, watu wanashangilia. Nilikuwa wa mwisho. Nilihesabu vichwa vilivyobaki, saba, sita, tano, jasho linanitiririka kiangazi kile cha baridi, na baba alikuwa benchi la tatu, amekaa wima, hanitazami, anatazama msalaba.

Mikrofoni ikafika mkononi mwangu. Nikataja jina. Kanisa likashangilia kabla sijaendelea. Nikangoja wanyamaze.

"Minye sikupita," nikasema. "Sikufanyaka hata. Ile poudre ya jana ilikuwa ya Trésor, fundi ya pneu, mu jile ya moto. Kamba ilivutwa, ikapasuka. Baba aliniuliza, nikabongopa, nikasema nilipita. Munisamehe."

Padri aliganda mkono ukiwa hewani. Kwaya walikuwa wameshavuta pumzi ya wimbo, wakabaki nayo kifuani. Wale watoto waliopita walisogea pembeni kidogo, kila mmoja hatua moja, kama nina upele. Na kutoka katikati ya kanisa, sauti moja tu, ya kushangaa kweli:

"Na samaki yangu?"

Hapo kanisa likapasuka. Walicheka mpaka watu wakashikana, mzee mmoja akatoa meno yake ya bandia akayafuta, padri mwenyewe aligeukia altareni mabega yakimtikisika. Mimi niliangalia benchi la tatu. Baba hakucheka. Alisimama, akavaa kofia yake akiwa bado ndani ya kanisa (yeye, mkatoliki wa tangu kuzaliwa), akatoka nje.

Nilimkuta kwenye ukuta wa nyuma, kivulini. Nikapiga magoti kwenye vumbi na suruali yangu ya misa.

"Baba, unisamehe. Nilitaka ufurahi."

"Nilijua," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Ulijua nini?"

"Ulisema cinquante-quatre, ukaangalia miguu yangu. Muntu amepita anaangalia batu mu macho."

Jamani, nilishtuka kuliko ule mlio wa barabarani. Tangu jana! Alikula samaki akijua, akavaa suti akijua, akanyoosha tai akijua. Nikamuuliza, "Sasa juu ya nini ulicheza?"

"Nilianza kucheza mbele, sijajua bado. Kisha batu bote banaangalia. Nilikuwa na haya ya kuacha." Akavua kofia, akaipiga vumbi ambalo halikuwepo. "Na ilikuwa muzuri, Dieudo. Kidogo tu, ilikuwa muzuri."

"Na kwa katekista? Juu ya nini ulienda?"

Alizungusha kofia vidoleni, ndani wakaimba wimbo wote ukaisha.

"Nilisema mu roho, atanifuata mu njia, atanizuia. Nilitembea pole-pole. Nikafika pa kona, nikasimama, nikafunga kiatu. Hukunifuata."

Na mimi nilimwona, ndugu zangu. Nilimwona anatembea polepole, nilimwona anainama kwenye kona, nikajiambia ni magoti ya uzee, nikanyoosha mkono nikachukua bia nyingine.

Nilimrudisha nyumbani kwa miguu, hakutaka pikipiki. Tangu hapo anaongea na mimi kama kawaida, anakula kwangu Jumapili, hata anatania kuhusu poda wageni wakija. Lakini siku ya majibu ya mwaka huu alijifungia tena, akasema kichwa.

Kikoti bado nakivaa. Trésor ameweka chupa mpya ya gesi na hajaweka poda, na abiria wangu wote nawaambia kabla hawajapanda, kamba hii usiguse hata ukiona shetani. Kwa ajali za lami niko tayari. Kwa ile nyingine nimeapa: mtu akinisifu kwa kitu nisichofanya nitakataa palepale, kwa mdomo, kwa mkono, kwa mguu kama shingo imebanwa. Na mzee akivaa kofia yake akatoka nyumbani polepole, siulizi anakwenda wapi, naacha chochote nilichoshika, namfuata.